Vitabu Ninavyowapendekezea Kuhusu Dada Yangu, Corinne Ashmere

Mheshimiwa Diwani wa eneo letu la Hollywood, Bi. Rosalind Eckerd, Mwenyekiti wa Mfuko wa Kumbukumbu ya Corinne Ashmere, Bwana Thornton Pell, Mkutubi Mkuu wa tawi hili, Bi. Haruko Tanimura, uliyerithi kiti changu na, naona, hata mto wake wa kukalia, waandishi wa vitabu mliofika na kalamu tayari kwa kutia sahihi, waume wa marehemu, wa pili na wa tatu, mliokubali kukaa safu moja mradi viti vya katikati vibaki vitupu, wanahabari, ndugu wageni waalikwa, na mwisho kabisa, kwa kuwa itifaki niliyokabidhiwa haikumpa nafasi popote, mama yangu mzazi, Doña Hermelinda Barragán, mwenye umri wa miaka tisini na mitatu, aliyekaa pale mbele na koti lake la kijani, na ambaye kwa mujibu wa vitabu vyote nitakavyowapendekezea leo alizama baharini akafa angali kijana: habari za jioni.

Wengi wenu mnanifahamu. Mimi ni Consuelo, yule bibi aliyekaa kwenye meza ya mbele ya maktaba hii mpaka nywele zikawa nyeupe, akiwanyamazisha ninyi, kisha watoto wenu. Msilolifahamu ni kwamba huyo Corinne Ashmere, nyota wetu, ambaye chumba hiki kizuri cha kusomea kinapewa jina lake leo, alizaliwa akaitwa Eulalia Barragán, mtoto wa Kimexico, katika nyumba iliyo nyuma ya kiwanda cha samaki kule bandarini San Pedro. Kwamba mimi nilimwita Lala na yeye akaniita Chelo. Na kwamba tulilala kitanda kimoja mpaka siku studio ya filamu ilipokuja kumchukua. Naona Bwana Pell anatazama saa. Usiwe na wasiwasi, Mwenyekiti. Nimeombwa nipendekeze vitabu, na vitabu nitavipendekeza.

Kwani ni swali gani nililoulizwa pale mezani kuliko maswali yote? Si bei ya faini, si choo kiko wapi. Ni hili: "Samahani, bibi, nikitaka kumjua Corinne Ashmere, nianze na kitabu gani?" Na mimi, mkutubi mwaminifu niliyekuwa nimemwahidi dada yangu kufunga mdomo, nikanyanyuka, nikaenda kwenye rafu, nikamkabidhi msomaji kitabu kinachosema mama yangu ni marehemu, nikamwomba akirudishe baada ya wiki mbili. Halafu jioni nikapanda basi kwenda nyumbani kumpikia marehemu chakula.

Basi tuanze na kitabu kikubwa, maana katika mji huu ukubwa una heshima yake. Nakipendekeza kwa moyo wote kitabu cha Profesa Whitcombe Lyle, ambaye tunaye hapa. Ni kizito, mwenye mlango unaojifunga kwa upepo hatajuta kukinunua. Profesa alisafiri mpaka London kuitafuta meli iliyozama na mama yetu, Lady Margaret Ashmere. Hakuipata. Mtu mwingine asingeipata angerudi nyumbani. Profesa, kwa kuwa ni msomi, aliandika sura nzima kueleza kwa nini haikupatikana, akalaumu vita, akalaumu ukungu, akalaumu unyevu wa nyaraka za Waingereza. Kitabu hicho alikiandikia humu humu maktabani, Mheshimiwa Diwani. Mimi ndiye niliyekuwa nikimletea majarida ya zamani, na nakumbuka alinishukuru vizuri sana, akinitaja kwa jina langu, Bibi Barragán. Kutoka hapa mpaka jikoni kwa Lady Margaret ni mwendo wa basi moja.

Ninyi wageni kutoka nje ya mji pengine hamjui jinsi sisi wa hapa tunavyosoma kitabu, basi niwafundishe. Hatuanzi mwanzo. Tunakigeuza, tunafungua nyuma kwenye faharasa, tunatafuta jina letu. Likiwapo, tunasoma ukurasa ule mmoja tukiwa tumesimama dukani. Lisipokuwapo, kitabu hicho hakina maana na mwandishi wake hajui lolote. Nimeona watayarishaji wa filamu wakifanya hivyo, nimeona majaji, nimeona na padri. Kwa hiyo msinicheke nikiwaambia kwamba kila kitabu kipya kuhusu Corinne kilipoletwa humu, kabla hata sijakipiga muhuri, nami nilifungua nyuma nikatafuta chini ya herufi B. Nilikuta Barabara. Nilikuta Barakoa. Barragán sijaikuta mpaka leo.

Sasa, Lady Margaret alitoka wapi? Hadithi ya kifo cha mama yangu ilitungwa jikoni kwetu, mchana kweupe, marehemu mwenyewe akikaanga maharage. Mtungaji alikuwa Gus Feldhaus, mtu wa matangazo wa studio, ambaye kofia yake hakuivua hata ndani ya nyumba ya watu.

"Señora," akasema, "binti yako atafika mbali. Ila huko hawezi kufika na jina hili, na nywele hizi, na, usinielewe vibaya, na mama huyu."

"Mama huyu ana nini?" Mama akauliza.

"Hana neno kabisa! Ila tunamhitaji akiwa amekufa."

Mama akageuza maharage yake. "Nimekufa na nini?"

"Meli. Umezama. Kifo cha heshima sana, señora, daraja la kwanza."

"Mimi hata mtumbwi sijawahi kupanda."

"Si unaona! Ndiyo maana ukazama."

Lala akacheka, na mimi nikacheka, nilikuwa mtoto. Mama hakucheka. Aliuliza jambo moja tu: "Na baba yao je?"

Baba yetu, ndugu zangu, alikuwa ameondoka na mashua ya kuvua jodari upande wa Mexico mwaka niliozaliwa mimi, na inaelekea huko alikutana na samaki mmoja mzuri sana, maana hakurudi.

"Baba tumempandisha cheo," akasema Feldhaus. "Yeye ni lodi, bwana mkubwa wa Uingereza."

Mnauona utaratibu wa studio? Aliyekimbia akafanywa lodi, na aliyebaki kutulea akauawa. Lala alipiga magoti pale pale jikoni, akamshika Mama aproni. "Mama, ni ya magazeti tu. Mimi na wewe si tunajua? Nikubalie, Mama, nitakuwa mtu." Mama akaepua maharage, akasema, "Haya, nife. Lakini Jumapili unakuja kula." Lala akaapa. Na Jumapili ya kwanza tu studio ikamkataza, kwa sababu wapiga picha walikuwa wakimfuata kila aendako, na yatima anayekwenda kula kwa mamake anatia doa.

Tuendelee na vitabu, nisije nikaambiwa nimetoka nje ya mada. Mume wa pili ameandika kimoja, nacho nakipendekeza kwa wale wanaotaka kumjua mume wa pili. Corinne anaonekana mara chache, akipita nyuma akiwa na glasi. Ndoa yenyewe haikuiona Krismasi ya pili, lakini kitabu kina juzuu mbili, na hiyo ni bidii inayostahili makofi. Tumpigieni makofi. Asanteni.

Daktari wa meno naye ameandika. Anasema tabasamu lile, lililowafanya wanaume wa dunia nzima wasahau walikoegesha magari yao, alilitengeneza yeye. Sina ubishi. Ila Mama ana tabasamu hilo hilo, hata leo, na hajawahi kukaa kwenye kiti cha daktari huyo. Sasa naomba kuuliza, la kwake alilitengeneza nani? Mama, tabasamu kidogo waone. Basi, usitabasamu. Amekasirika, naomba mmwache.

Na kitabu cha mapishi! Hicho kimetolewa na Mfuko wenyewe, kina picha za rangi, na kinauzwa pale mlangoni. Mapishi ya kiungwana aliyoachiwa Corinne na marehemu Lady Margaret. Dada yangu, Mungu amrehemu, alikuwa hawezi kuchemsha yai bila kuita zima-moto. Nilipofungua kitabu hicho nikakuta "mchuzi wa kasri, wa kakao na viungo". Nikampelekea Mama, nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho. "Huo ni mchuzi wangu," akasema. "Wa bata mzinga. Nani alimfundisha huyo mzungu aliyezama?" Kisha akauliza, "Pilipili wametia za aina ngapi?" Nikamwambia hawakutia pilipili. Hapo ndipo, mabibi na mabwana, baada ya miaka yote hiyo ya kuuawa bila kulalamika, mama yangu aliweka mkono kifuani. "Mimi wameniua sawa," akasema. "Mchuzi umewakosea nini?"

Kitabu cha mwisho ni cha picha, na hiki nakipendekeza bila mzaha wowote. Fungueni picha maarufu, ile iliyochapishwa mpaka kwenye stempu. Ni sikukuu ya kina mama, miaka michache baada ya vita. Studio ilikuwa imenunua nafasi kwenye yale makaburi ya mastaa, ikasimamisha jiwe la marumaru: Lady Margaret Ashmere, aliyechukuliwa na bahari. Chini yake hakuna mtu. Hata jeneza tupu hawakuzika, maana jeneza lina gharama na picha inapigwa juu. Corinne amepiga magoti, chozi moja shavuni, maua meupe mkononi. Nyuma yake, pembeni, kuna mwanamke mfupi mwenye ndoo na ufagio. Maelezo ya chini yanasema: mfanya usafi wa makaburi.

Mimi ndiye niliyemsomea Mama gazeti lililotangaza shughuli ile. "Wamenijengea kaburi?" akauliza. Nikamwambia ndiyo. "Zuri?" La marumaru, Mama. "Basi twende tukalione." Na kwa kuwa kwetu mtu haendi kaburini mikono mitupu, iwe kaburi la nani, akachukua ndoo, akachukua ufagio, akafunga na tamali chache, vile vibumba vya mahindi vyenye nyama na pilipili, kwenye kitambaa, tukapanda tramu. Tulifika wakati wapiga picha wanapanga taa. Mama akaona majani makavu juu ya jiwe lake, akaanza kufagia. Hakuna aliyemzuia. Nani angemzuia mfagiaji?

Picha zilipokwisha, studio ikatangaza kwamba yatima aachwe aomboleze kwa faragha, na tangu siku hiyo wapiga picha wakazuiwa getini. Mnaelewa kilichotokea? Katika Los Angeles nzima palibaki mahali pamoja tu ambapo kamera haziingii, na mahali hapo palikuwa juu ya kaburi la mama yangu. Vitabu vyote vinasema, na Profesa amekiandikia kisa hiki kurasa nzuri kabisa, kwamba Corinne Ashmere hakuacha kulitembelea kaburi la mamake Jumapili hata moja awapo mjini. Ni kweli! Ndiyo kweli pekee waliyoipata, na hawajui waliipataje. Alikwenda kumwona mamake, na mamake alikuwapo, amekaa kwenye ukingo wa jiwe, na chakula.

Lala alikuwa akipiga magoti, kichwa chini, kitambaa cheusi usoni, mashavu yamejaa tamali.

"Mama, leo pilipili imezidi."

"Inamisha kichwa, mlinzi anatazama."

"Nakuambia inawaka!"

"Vizuri, basi lia. Ulikuja kulia."

Na mashabiki waliosimama mbali wakafuta machozi wakisema, tazama alivyoumia. Mmoja wao alimfuata Mama akiwa anakunja kitambaa. "Bibi, una bahati wewe," akamwambia, "unamwona kila wiki. Hivi ni kweli anampenda mamake namna ile?" Mama akamjibu, "Ni kweli." Akachukua ndoo yake. Miaka ilipita hivyo. Waume walikuja wakaenda, tuzo zikaja, nywele zikabadilishwa rangi, na Jumapili haikubadilika. Kila Novemba, siku ya wafu, Mama alilipamba kaburi lake mwenyewe kwa maua ya manjano na mkate, akalipaka na nta. Wakati mwingine nilimwonea huruma, wakati mwingine nilimkasirikia dada yangu mpaka nikashindwa kula. Nilimpenda, na nilimkasirikia, na bado.

Lala alipougua, nilikuwapo hospitalini, na Bwana Pell alikuwapo, na Mama alikuwapo, amevalishwa kitambulisho cha mgeni. Dada yangu hakuwa na sauti tena ya kupoteza. Akasema, "Thornton, mnanizika pale. Lile jiwe la uongo mlitoe. Mahali pale ni pa Mama, atalala pembeni yangu. Na Chelo aseme anachotaka, nimemfungulia mdomo." Bwana Pell akamshika mkono. "Bila shaka, Corinne," akasema. "Bila shaka yoyote." Akamwaga chozi, la kweli, mimi nililiona, na halikuwa na taa.

Tukamzika pale. Mama alisimama nyuma ya kamba pamoja na mashabiki. Alikuja na ndoo, ila mlinzi mpya akamwambia siku hizi kampuni ndiyo inayofanya usafi.

Nikangoja jiwe liondolewe. Nimengoja miaka mitano. Mwaka huu Mama alilazwa na kifua, akatoka, akaniambia, "Chelo, nina haraka kidogo." Nikampigia simu Bwana Pell, naye, kwa ukarimu wake, akaja mpaka nyumbani, akakaa jikoni, akala mchuzi wenye pilipili akatokwa jasho, kisha akatueleza.

"Doña Hermelinda, nielewe. Watu wanakuja kutoka nchi zote, wana vitabu mkononi. Wanasoma, wanatafuta lile jiwe, wanalikuta. Tukilitoa, vitabu vyote vitakuwa na kosa."

"Kwa hiyo kosa ni mimi," Mama akasema.

"Hapana, hapana! Tuna nafasi nyingine nzuri kabisa, upande wa ukuta, kuna kivuli. Au tungoje toleo jipya la kitabu cha Profesa, tuweke tanbihi."

Toleo jipya, Profesa, linatoka lini? Nauliza kwa niaba ya mtu wa miaka tisini na mitatu mwenye kifua kibovu. Atajitahidi kukungoja, amezoea kuwangoja wasomi. Na tanbihi hiyo itakuwa na upana gani? Itamtosha mtu kulala?

Ndugu wageni waalikwa, nimefanya kazi na vitabu maisha yangu yote na ninavipenda, hata hivi. Vinunueni pale mlangoni, vyote, msiache hata cha meno. Lakini sikujua mpaka mwaka huu kwamba kitabu kinaweza kumzuia mwanamke asizikwe karibu na mtoto wake. Sikujua kwamba kaburi lisilo na mtu lina haki kuliko mtu asiye na kaburi. Hili linaniuma, na nalisema wazi mbele yenu, mbele ya Mheshimiwa Diwani, mbele ya wanahabari ambao naona leo mmeacha kula vitafunio.

Nakushukuru Bi. Tanimura kwa kunialika. Nawashukuru nyote kwa masikio yenu, na mimi hapa nimefika mwisho. Lililobaki si la kwangu. Mama yangu ameomba nafasi moja tu chini ya ardhi ya mji huu, na jibu alilopewa ni kwamba haiwezekani kwa kuwa alishakufa. Bwana Pell, simama, tafadhali. Hapana, huku jukwaani usije, kipaza sauti utaletewa. Nenda pale mbele kwake, chuchumaa umtazame usoni, umwambie mwenyewe kwamba alizama. Sema kwa sauti, Mwenyekiti, hasikii vizuri sikio la kushoto.